Eti Kifafa Kilinitoka kwa Ngozi

Jirani yangu hapa Kijenge akianza kubabua majani ya mgomba motoni, mimi nafunga dirisha. Yeye anadhani nachukia moshi. Simwambii. Harufu ya jani la mgomba linapolegea juu ya moto inaniingia mpaka chini ya kucha, na kabla sijakaa vizuri mgongo unaanza kuniwasha mahali ambapo hakuna kitu. Mimi sasa ni bibi, magoti yananikatalia ngazi za kanisani, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinitegemee maneno makubwa. Lakini watu nawakumbuka wote, kwa majina yao na ya mama zao, ndiyo maana habari hii inaniudhi kila ninapoisikia ikisimuliwa vibaya.

Na inasimuliwa. Kila msiba, kila kipaimara, ukoo ukikutana tu lazima atokee mtu wa kusema, "Huyu ndiye yule ambaye kifafa kilimtoka kwa ngozi." Wengine wanaitikia, "Ehee, kilimchuna chote kikaisha." Mimi namaliza kwanza kutafuna, kisha nasema kwamba kifafa hakikuisha, ninacho hadi leo, nameza dawa asubuhi na jioni, hata leo nimemeza. Wananitazama kwa huruma kama mtu asiyejua bahati yake. Tukikutana tena wanasema vilevile. Nimechoka. Nimeona niandike, maana karatasi haikatizwi maneno.

Tulikuwa tunakaa Levolosi, vyumba viwili vya kupanga, sisi na Shangazi Eliaichi, dada yake Baba, aliyekuja kutoka Machame kusalimia na hakurudi. Ninyi wa rika langu mnaukumbuka ule wakati ruhusa ya kuuza vitu vya nje ilipotoka. Kabla ya hapo sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, tena kipande. Mara ghafla maduka yakajaa vitu ambavyo hatukujua hata vinafunguliwaje. Baba aliyekuwa anauza vitunguu akaanza kuuza mitumba, na mdogo wake, Baba mdogo Nderingo, ndiye aliyekuwa akivuka mpaka wa Namanga kwenda na kurudi na marobota. Nyumba nzima ilinuka mitumba. Ukila ndizi unasikia mitumba, ukinywa maji unasikia mitumba.

Kifafa kilinianza nikiwa darasa la tatu. Nilianguka uwanjani tukiwa tumepanga mistari asubuhi. Mimi sikuona kitu, nilichokuta ni mdomo umejaa vumbi na uwanja umekuwa mtupu, watoto wote wamekimbilia ukutani. Penina, rafiki yangu wa dawati moja, naye alikuwa ukutani. Walikuwa wameambiwa na wazazi wao kwamba mwenye kifafa akijamba nawe uko karibu, umeshakipata. Mtoto kusema hivyo namsamehe. Lakini Mwalimu Hedwiga naye alikuwa ukutani, tena alikimbia mbele ya wote.

Nilipewa vidonge vya hospitali ambavyo vilinilaza darasani kutwa, na nusu ya safari tulizokwenda kuvifuata tuliambiwa dirishani vimekwisha. Ndipo zahanati za watu binafsi zikaanza kufunguliwa mjini, na Baba akanipeleka kwenye moja yao. Daktari aliyekuwepo akaandika dawa nyingine, akasema ni mpya na hailazi mtu. Madukani haikuwepo, Baba mdogo Nderingo akaileta kutoka ng'ambo ya Namanga, kopo limefichwa katikati ya masweta. Kama yule daktari alitaja jambo lolote la kuangalia, basi hakulisemea masikioni mwetu. Tulichosikia ni kwamba dawa ni kali na itakitoa kifafa.

Mimi nilikuwa na picha yangu ya kifafa. Nilikiona ni mnyama, mwenye mkia, anakaa chini ya mbavu za kushoto, amelala, akiamka ananiangusha. Kwa hiyo niliposikia dawa itakitoa nilielewa kabisa. Nilichokuwa sijui ni kitatokea wapi, na nilikuwa na wasiwasi kisije kikatokea kanisani.

Ilikuwa lazima kitoke upesi, maana Dada Aika alikuwa anachumbiwa. Dada yangu huyu, Aikaruwa, alikuwa fundi cherehani, mrefu, mkali, na kijana aliyempenda aliitwa Elisante, mwalimu, kwao Usa River. Washenga walishakuja na pombe ya mbege imeshanyweka, ilibaki kutangazwa kanisani. Nanyi mnajua watu wetu wanavyochunguza. Wanauliza ukoma, wanauliza uchawi, wanauliza kifafa. Kimojawapo kikiwa ndani ya nyumba, ndoa hakuna, hata kama bibi harusi mwenyewe hajawahi kupiga chafya. Levolosi walijua habari zangu, Usa River hawakujua. Shangazi aliapa hawatajua. Wageni wa Usa River wakija, mimi napelekwa kwa jirani, Mama Zuhura, mwanamke wa Kondoa aliyekuwa anakaanga vitumbua barazani.

Basi wiki ya pili hivi ya dawa mpya, nikaamka macho yananiwasha kama yametiwa pilipili. Koo likauma. Homa ikapanda. Kesho yake vikatoka vipele vyekundu kifuani, katikati vina weusi kama jicho la ndege, na mdomo ukaanza kuchubuka kwa ndani. Shangazi akanifunua, akanitazama kifua, akatoa hukumu.

"Surua hiyo. Fungeni dirisha. Asioge, asipigwe na upepo, na mtu asithubutu kumchoma sindano."

Ndivyo tulivyolelewa wote, sivyo? Surua haichomwi sindano. Surua inaachwa itoke, ikizuiwa kutoka inarudi ndani na kuua. Unamfunika mtoto, unamnywesha uji wa moto wa ulezi, unasubiri vipele vimiminike. Vikitoka kwa wingi ni heri.

Mama akasema polepole, "Wifi, huyu alishaugua surua. Aliugua tukiwa bado Machame, wewe mwenyewe ulimlea."

Mtu mwingine hapo angesema, basi sijui. Shangazi yangu hakuzaliwa na neno hilo. Alizunguka chumba, akalitazama lile kopo la dawa juu ya kabati, akanitazama mimi, uso ukamng'aa.

"Basi ni chenyewe," akasema. "Ni kifafa. Dawa imekisukuma, sasa kinatoka kama surua inavyotoka. Wifi, usimkatize. Ukikatiza dawa hapa katikati kitarudi ndani na kutuulia mtoto."

Hapo ndipo ninapoishiwa nguvu kila nikikumbuka, maana lilikuwa jambo lenye akili. Ungekuwepo ungekubali. Baba alikubali. Mama hakukubali, lakini katika nyumba ile Mama alikuwa hakubali mambo mengi na yote yalifanyika. Na mimi, ambaye ngozi ilikuwa yangu, ndiye niliyekubali kuliko wote. Nilijua sasa mnyama wangu anatokea wapi. Malengelenge yalipoanza kujaa mikononi nilifikiri ndipo anapochungulia. Ngozi ilipoanza kuvuka nilifurahi, nawaambia kweli. Kila kipande kilichobanduka nilihesabu ni chake. Saa ya dawa ikifika nilikuwa naomba mwenyewe, na mdomo wangu ulivyokuwa umechanika namna ile, nilikuwa naupanua kama kinda. Shangazi alisaga kidonge ndani ya kijiko cha uji, akasema, "Meza, mwanangu, kinakwisha." Nami nameza na machozi yananitoka, kwa sababu uji ulikuwa unapita kama vipande vya chupa.

Aliyetuharibia mpango ni Mama Zuhura. Alikuja kuniangalia, Shangazi akamzuia mlangoni kwa sababu ya upepo, Mama Zuhura akapita chini ya mkono wake. Akalishika blanketi anifunue. Blanketi lilipoinuka, ngozi ya paja ikainuka nalo.

Mama Zuhura akalirudisha blanketi taratibu sana, kama mtu anayefunika chungu. "Huyu mmemuunguza na nini?"

"Hajaungua. Anatokwa."

"Anatokwa na roho, Eliaichi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama wa mtoto yuko wapi? We mama, beba mtoto wako."

Nilipelekwa hospitali nyuma ya pikapu ya kubeba mitumba, nimelazwa juu ya masweta, na kila tuta la barabara nililisikia kwenye ngozi kama kofi. Wodini walinipokea kama mtoto aliyeungua moto, hata kitanda walinipa cha upande wa walioungua. Muuguzi mkuu alikuwa Sista Perpetua, mwanamke mnene wa maneno machache. Alinifungua mdomo, akachungulia kwa tochi.

"Moto gani huu unaounguza mtu mpaka ndani ya mashavu?" akauliza. "Alikuwa anatumia dawa gani?"

"Hatumii dawa yoyote," akasema Shangazi.

"Ana ugonjwa wowote wa zamani?"

"Hana. Alikuwa mzima kabisa."

Mama alikuwa amesimama pale pale. Alikitazama kitanda. Nilimwona kwa sababu jicho moja lilikuwa bado linafunguka kidogo. Kesho yake halikufunguka tena, yote mawili yakagandana.

Mashuka yalikuwa yananishika. Kunigeuza ilikuwa kunichuna. Ndipo Sista Perpetua alipowaagiza walete majani ya mgomba, yale machanga, na Mjomba Ndekirwa, ndugu yake Mama, akawa anayaleta kutoka shambani kwake Akheri. Wanayaosha, wanayababua kidogo yalegee, yakipoa wanayapaka mafuta, wananilaza juu yake. Jani la mgomba halimshiki mtu. Lilikuwa la baridi, laini, na kwa mara ya kwanza tangu niugue mgongo ulinyamaza. Lakini harufu yake na harufu ya ngozi yangu zilichanganyika, na hazijaachana mpaka leo.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Hospitali wananitibu mchana, na Shangazi, ambaye alikuwa ndiye mwangalizi wangu kwa sababu Mama ana mtoto mchanga wa kunyonyesha, ananipa kile kidonge kila asubuhi na kila saa kumi ya kuona wagonjwa. Alivihamishia vidonge kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo. Kila siku daktari anakuja, anashangaa, anasema mbona madoa mapya yanazidi kutoka. Kila siku Sista Perpetua anauliza, "Mna hakika hakuna dawa?" Na Shangazi anasema hakuna. Wale wanashindana na moto, huyu anamimina mafuta ya taa, na mtoto mwenyewe anafungua mdomo apokee.

Siku moja saa kumi kengele ya wageni ikalia, nikasikia hatua za watu na sauti nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya upole, ya mwanamke mtu mzima wa Kimeru. Shangazi aliinuka akawa mwingine kabisa.

"Karibu, Mama Elisante. Karibu sana. Jamani umejisumbua kutoka Usa River yote hiyo."

"Nitaachaje? Mdogo wake mkwe wangu ameungua, nitaachaje? Nimemletea mtori, labda ataweza kuunywa. Pole, mwanangu. Maji ya moto ni kitu kibaya."

Kumbe ndivyo walivyoambiwa. Mama alikuwepo, Dada Aika alikuwepo, nilimjua kwa harufu ya mafuta ya cherehani. Wakakaa, wakaanza kuzungumza mambo ya mvua, na bei ya mahindi, na siku ya kutangazwa kanisani. Mimi nasubiri. Kengele imeshalia, kidonge hakiji. Nikasubiri tena. Nilianza kuogopa. Nilimwona mnyama wangu amefika ngozini, nusu nje nusu ndani, na dawa ya kumsukuma imecheleweshwa, sasa anageuka anarudi mbavuni. Na Shangazi anaongea mahindi.

Sauti sikuwa nayo, ulimi ulikuwa kidonda kitupu. Nikanyoosha mkono. Nilijua anapokaa, upande wa kulia wa kitanda, nikapapasa mpaka nikaipata kanga yake, nikavuta.

Shangazi akautoa mkono wangu polepole. "Anaweweseka," akasema. "Homa."

Nikavuta tena. Akautoa tena, safari hii akaukandamiza kidogo, nikalia kwa kooni.

Sista Perpetua akasogea. "Anataka nini huyu?"

"Maji," Shangazi akasema.

Wakaniwekea kijiko cha maji mdomoni, nikageuza uso. Nililipata pindo, nikalipata fundo, nikalifumbata kwa vidole ambavyo havikuwa na ngozi, na Shangazi alipojaribu kusimama, fundo likafunguka. Nilivisikia. Vidonge vikidondoka kwenye sakafu ya saruji vina mlio wake, vinakimbia kila kimoja njia yake mpaka chini ya vitanda vya watu.

Nikasikia Sista anainama, na kupumua kwake anapoinuka.

"Hivi ni vya nani?"

"Vyangu," akasema Shangazi. "Vya presha."

"Presha? Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na mtoto anavitafuta vya nini, naye ana presha?"

Shangazi akaanza kueleza jambo refu. Katikati ya maelezo nikasikia sauti ya Mama, na sikuitambua kwanza, maana sikuwa nimezoea kuisikia ikiwa juu ya ile ya Shangazi.

"Wifi, nyamaza. Sista, ni vya huyu mtoto. Anavimeza kila siku, hata hapa wodini. Ni vya kifafa. Mwanangu ana kifafa."

Nikasikia mfuniko wa chupa ya mtori ukizungushwa taratibu mpaka ukakazika. Mama Elisante akasema, "Haya, poleni," kwa upole ule ule aliokuja nao, akaondoka. Chupa yake hakuisahau.

Daktari aliitwa. Alikishika kidonge, akamuuliza Mama nilianza lini, Mama akamweleza. Akasema mwili wangu umekikataa kidonge kile, kuna watu wako hivyo, wachache, na hakuna wa kulaumiwa kwa kuwa hivyo. Lakini kila nilipopewa kingine nilikuwa naongezewa moto, na kama ningeendelea nacho siku chache zaidi wangenizika. Sista akaviokota vyote, mpaka vilivyokwenda chini ya vitanda, akaondoka navyo. Mimi nililia siku hiyo kuliko siku zote, kilio kisicho na machozi kwa sababu macho yamegandana, nikijua wameniibia dawa yangu na kifafa kimebaki nusu. Watu wanaponisifu eti nilijiokoa kwa akili yangu nakereka zaidi kuliko wanaposema kilinitoka. Nilikuwa naomba sumu. Ni vile tu niliiomba mbele ya watu.

Shangazi hakuja tena wodini. Alikwenda kueleza ukoo kwamba kifafa kilikuwa kimebaki kidogo tu kimalizike, Mama akaharibu, na kwamba hata hivyo kilichotoka kimetoka. Huko ndiko habari hii ya ngozi ilikoanzia, na kwa kuwa Shangazi Eliaichi aliishi miaka mingi na hakuchoka, imetushinda sote.

Mshenga alikuja kwa Baba juma lililofuata. Hakutaja ugonjwa. Alisema kijana ameona aendelee kwanza na masomo. Baba akamshukuru, akampa chai. Elisante alioa kabla masomo hayo hayajaanza. Dada Aika naye aliolewa baadaye na mtu mwingine, mazuri na mabaya ya huyo ni habari ya Dada, si yangu.

Lakini siku ile mshenga alipoondoka, Dada alifunga cherehani yake, akaja wodini akakaa mahali pa Shangazi. Sista Perpetua akamfundisha kazi. Macho yangu yalikuwa yanataka kushikana kope na mboni yenyewe, yakishikana hivyo ndiyo upofu. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu ayaloweshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, atoe gamba kwa pamba, kisha afungue kope na kupitisha kijiti laini kilichopakwa dawa ndani yake, azitenganishe. Kila mara, mchana kutwa, na uchungu wake sitaueleza. Wauguzi walikuwa wachache, wasingeweza. Dada aliweza. Aliifanya kwa hasira zote alizokuwa nazo.

"Tulia. Nimesema tulia. Umenivunjia harusi, basi angalau uone."

Mimi nagugumia.

"Usinigugumie. Unajua Elisante ana meno mazuri kiasi gani? Hujui. Hukuyaona, ulifichwa kwa Mama Zuhura. Geuka huku. Kushoto. Huko ni kulia, mdogo wangu, kifafa kimekula na akili?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanacheka. Kuna mama mmoja, Nasinyari, aliyeungulia jikoni, alimwambia, "Binti, mhurumie mtoto." Dada akamjibu, "Shikamoo mama. Nikimhurumia atakuwa kipofu." Na akaendelea. Alikuwa analia, najua, maana machozi yake yalikuwa yanadondoka shingoni kwangu na yalikuwa yanaunguza, lakini mdomo haukupumzika. Alinitukana kwa Kichaga, alinitukana kwa Kiswahili, akiishiwa anaimba wimbo wa kanisani kidogo, kisha anaanza tena.

Halafu asubuhi moja, pamba ilipotoka, jicho la kushoto halikurudi kufunga. Mwanga uliingia mweupe kama maziwa, ukazunguka, ukatulia, na ndani yake kukawa na kitu kirefu kimeinama. Dada akasimamisha mkono.

"Unaona?"

Nikatikisa kichwa kwamba naona.

"Sema. Unaona nini?"

Ulimi ulikuwa umeanza kupona, nikautafuta mpaka nikaupata. "Umenuna," nikasema.

Dada akanitazama sana. Akachovya pamba nyingine kwenye maji ya chumvi, akaikamua. "Geuka," akasema, "tufanye na la pili."